Viti Viwili vya Mbele

Mtakaosoma haya, mnisamehe kwanza mwandiko. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea usukani kuliko kalamu. Sentensi moja naweza kuianza maharage yakiwa yanabandikwa jikoni na kuimaliza yakiwa yameiva. Nilipokosea herufi, someni tu kama mnanisikia naongea, ingawa wanaonijua watawaambia kuwa hata kuongea sikujaliwa. Ndiyo maana naandika. Juzi tumemzika dada yangu Kalunde, na gari lake limebaki mikononi mwangu. Bima ya gari hilo inaisha mwisho wa mwezi huu. Simu imeshanikumbusha, na kila ikilia nalikumbuka swali ambalo dada aliulizwa mwaka ule, katika baraza la nyumba moja ya mjini Tabora, nami nikiwa nimekaa pembeni yake na kikombe cha kahawa nisichoweza kukinywa.

Mwaka ule dada alinunua Kenta, lori dogo lililotumika, la rangi ya bluu iliyofifia. Tulikuwa tunanunua mpunga vijiji vya upande wa Nzega, tunaukoboa, tunauza mchele pale Isevya, mtaani kwetu mjini Tabora. Kabla ya hapo tulikuwa tunakodi magari ya watu na kusubiri huruma zao. Chumba chetu cha mbele kilikuwa nusu sebule na nusu ghala. Magunia yalifika karibu na dari, vumbi la pumba lilikaa juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa usipofunika, na chakula tulikilia tumekaa juu ya magunia hayo hayo. Naukumbuka mlo wa jioni ile gari lilipoletwa: ugali, mlenda wa karanga, na kipande cha sato alichokinunua dada kwa furaha. Lakini furaha yake haikufika mwisho wa sahani. Aliacha kula akawa anatazama mlangoni, kule gari lilikoegeshwa.

"Shija," akaniambia, "gari likianguka tutakula nini?"

"Mpunga," nikasema.

"Mpunga utakuwa umeanguka nalo."

Asubuhi yake tulikwenda kwenye kibanda cha bima karibu na stendi. Kijana wa pale alikuwa mcheshi, ana wateja wake waliokaa kwenye benchi wakipiga soga. Alimwambia dada achukue bima ndogo, kama wafanyavyo wenzake wote. "Dada yangu, bima ni ya trafiki. Ajali ni ya Mungu. Wewe bandika stika kwenye kioo, uende zako ukatafute riziki."

"Na gari langu lenyewe likiumia?"

"Utalia, dada, na sisi tutakuja kukupa pole. Pole zetu hatutozi."

Benchi zima likacheka. Dada hakucheka. Alifunga khanga yake upya kiunoni, akaniambia twende. Ndivyo tulivyofika kwa Bi Salha, mama wa Kiarabu ambaye ukoo wake umefanya biashara Tabora tangu zamani za misafara, na yeye mwenyewe akiuza bima nyumbani kwake. Baraza lake lilikuwa na ubaridi. Feni ilizunguka taratibu, kulikuwa na sahani ya visheti mezani, na nje muuza kahawa aligonga vikombe vyake akipita. Alitukaribisha kama wageni wa kuoa, akatumiminia kahawa, kisha akavaa miwani, na sura yake ikawa nyingine. Alimweleza dada pole pole: bima ndogo inamlinda yule uliyemgonga, bima kubwa inakulinda na wewe. Gari likianguka, likiungua, likiibwa, utalipwa. Dada akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani tumemaliza.

"Gari hili linabeba nini?" Bi Salha akauliza.

"Mpunga na mchele. Wangu mwenyewe."

"Na watu?"

"Watu hatubebi."

"Kalunde, mwanangu, mimi nimezaliwa hapa hapa. Hata wa msiba?"

Dada aliweka kikombe chini. Ni lazima niwaeleze wasiotoka kwetu. Pale Isevya, mtu akifariki na maziko yakiwa mbali, mwenye lori haombwi. Watu wanakuja tu, vijana wanashusha bodi ya nyuma, wanafagia, wanatandika mikeka, kinamama wanapanda. Mwenye gari kazi yake ni kutoa dereva. Nauli hakuna, na kukataa hakujawahi kusikika. Lori la mtu mmoja, siku ya msiba, ni la mtaa.

"Wa msiba hawalipi nauli, Bi Salha," dada akasema.

"Bima haiulizi nauli. Inauliza viti. Mbele, ukimtoa dereva, una viti viwili. Watakaokaa hapo wamo. Nyuma ni pa mizigo. Siku utakapopakia watu nyuma na likatokea la kutokea, hao hawatalipwa, na gari nalo halitalipwa, na mbele ya sheria utasimama peke yako."

"Na jeneza?"

"Jeneza libebe. Maiti hana madai."

Alisema bila kutabasamu. Kisha akatazama barabarani, akaongeza jambo ambalo nimelikumbuka kila nikipita njia ile ya kwenda Nzega. "Babu zangu walitoka hapa na misafara, na babu zenu ndio waliobeba mizigo. Aliyeanguka njiani hakuandikwa popote. Gunia lake alipewa mwingine, msafara ukaendelea. Mimi kazi yangu ni kuwaandika wanaoweza kuanguka. Lakini siwezi kumwandika asiye na kiti."

Dada akachukua bima kubwa. Tulipofika nje, jua likituchoma, aliniambia bila kunitazama, "Umesikia mwenyewe. Wewe ndiye dereva. Wakija, wewe ndiye utakayewaambia." Mimi ni mtu ambaye kumwita konda anirudishie chenji kunanishinda. Niwaambie watu wazima wa mtaani kwetu washuke?

Mwezi wa kwanza hakufa mtu. Wa pili alifariki mtoto mchanga, akazikwa karibu, watu wakaenda kwa miguu, nami nikashusha pumzi halafu nikaona aibu. Nilianza kuogopa afya za watu. Kikohozi cha mzee yeyote nyuma ya ukuta nilikisikia kama honi. Aliyenitisha kuliko wote alikuwa Bibi Nyanzala, jirani yetu wa tatu, ambaye kila asubuhi alikaa mkekani nje ya mlango wake akichambua karanga. Kwao kulikuwa kijijini, mbele ya Isikizya, na hakuficha kuwa huko ndiko atakakolala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Shija. Gari langu halijambo?"

"Halijambo, bibi."

"Litunze. Ndilo litakalonipeleka nyumbani. Na siku hiyo usikanyage mashimo hovyo, mgongo wangu unauma."

Watu waliokuwa karibu walicheka, naye akacheka, meno mawili matatu yaliyobaki yakionekana. Nilicheka pia. Ningesema nini? Kisha nikaenda kukaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, nikaitazama ile stika kiooni, maana enzi hizo ilikuwa bado karatasi ya kubandika, nikaona kama inanitazama na yenyewe.

Mwingine aliyelipenda gari hilo alikuwa Holo, binti wa jirani yetu tuliyepakana naye ukuta. Alikuwa anauza chapati pale mashineni tunapokoboa, na Jumapili anaimba kwaya, sauti ya pili. Aliniita Dereva Bubu. "Dereva Bubu, siku moja nikalishe mbele na mimi nione dunia inavyoonekana ukiwa bosi." Jibu langu nililitayarisha usiku na mchana. Lilikuwa maneno manne tu: nafasi ya mbele ipo. Kila nilipomwona, yalikwama kama mwiba wa samaki. Mama yake alisikia utani ule akasema kwa sauti, makusudi nisikie, "Mwache, mwanangu. Huyo ukimsubiri aongee utazeeka na chapati zako."

Bibi Nyanzala alifariki katikati ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na asubuhi ya maziko mbingu ilikuwa chini, ya kijivu, kama dari ya chumba chetu. Nilisikia bodi ya nyuma ikishushwa kabla sijanawa uso. Nilipotoka, vijana walikuwa wameshaanza kufagia pumba, na Mzee Maganga, balozi wetu wa nyumba kumi, amesimama na mwavuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni na msiba. Lete funguo uwashe lipate moto."

Nilifungua mdomo. Najua niliufungua, kwa sababu niliuhisi ubaridi wa hewa kwenye meno. Hakikutoka kitu. Dada alitokea nyuma yangu, mikono ina unga, akanisogeza kwa bega, akasema yeye.

"Mzee, bibi nitambeba. Mafuta ni yangu, kwenda na kurudi. Na watu wawili watakaa mbele. Wengine sitawaweza."

"Wengine ni kina nani?"

"Wote wa nyuma. Bima hairuhusu."

"Bima ni mtoto wa nani hapa Isevya?" akauliza Mzee Maganga, na baadhi wakacheka, kicheko chembamba. Kisha akaacha utani. "Wawili hao ni nani, Kalunde? Nichague mimi? Huyu mama apande, yule abaki? Hata huyo nitakayemchagua, atakaaje kwenye kiti wenzake wanaachwa barabarani? Msiba haugawanywi, binti yangu."

"Najua, mzee. Lakini gari hili ndilo shamba langu. Sina lingine. Likianguka na watu nyuma, nitawalipa nini? Sitakuwa na hata mchele wa kuwapikia."

Kwetu, aendaye kuzika haambiwi habari ya kuanguka. Maneno ya namna hiyo hayatamkwi mbele ya jeneza, kwa sababu yakishatoka yanatafuta pa kutua. Vijana waliacha kufagia. Mama Holo, aliyekuwa ameshika mkeka kwapani, alimtazama dada kwa muda, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Unatutabiria, Kalunde?"

Vijana walipandisha bodi, wakaifunga taratibu, kama watu wanaorudisha kitu cha kuazima. Hata jeneza hawakutaka tulibebe. Mtu mmoja alipiga simu, na baada ya muda likaja lori la mchanga kutoka mtaa mwingine, mwenye nalo hakuuliza swali. Watu walipanda, mikeka ikatandikwa juu ya mchanga uliolowa. Holo alipita karibu na dirisha la Kenta, nilimokuwa nimekaa, akiwa na vazi lake la kwaya ndani ya mfuko wa plastiki. Nadhani aliona uso wangu, akanihurumia. "Nitakaa mbele siku nyingine, dereva," akasema. Hakuniita bubu. Nimewahi kujiuliza mara nyingi kwa nini siku ile hakuniita bubu.

Lori lilipoondoka dada alipika. Alibandika sufuria kubwa, ile ya harusi, akapika wali wa nazi na maharage, wa kuwalisha wote watakaporudi. Hakusema kuwa ni wa kuomba radhi. Tulikaa mlangoni tukitazama mvua ikigonga mabati ya Kenta. Adhuhuri ilipita. Alasiri wali ulianza kukauka pembeni, dada akaunyunyizia maji akaufunika tena. Baadaye akaufunika mara ya pili, ingawa ulikuwa umefunikwa. Hakuna aliyekuwa anapita barabarani. Hatimaye tukaisikia pikipiki kabla hatujaiona, inakuja kwa kasi isiyofaa katika matope, na dada akasimama akashika fremu ya mlango. Alijua. Mimi pia nilijua, na jambo ambalo sitalisahau ni kwamba hatukushtuka.

Walikuwa wameshazika. Walikuwa wanarudi, wanaimba, alituambia yule wa pikipiki. Kwenye mteremko wa kuelekea darajani breki zilikataa. Wengine hawakufika hospitali, na Mzee Maganga alikuwa mmoja wao. Holo alifika, akapona, lakini mguu wa kushoto waliukata chini ya goti. Tulikwenda huko jioni na wali ule ndani ya ndoo, ndani ya gari lenye breki mpya na viti viwili vitupu mbele, kwa kuwa dada alikaa nyuma na ndoo, kwenye mvua, akashika bomba la ubavuni. Sikuweza kumwambia ashuke. Watu waliokuwa kwenye veranda ya wodi waliula ule wali, nadhani kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kuukataa.

Yule mwenye lori la mchanga alikuwa na bima ndogo, stika yake halali kabisa. Waliofuatilia wakaambiwa yale yale niliyoyasikia kwa Bi Salha: hawakuwa na viti. Hakuna aliyepata kitu. Mwenye lori mwenyewe alifikishwa mahakamani, akauza alichokuwa nacho, akahama mji. Na mimi nikiwa nyuma ya mashine ya kukoboa, siku moja, niliwasikia kinamama wawili wakizungumza huku wakipepeta.

"Lake lilikuwa na breki nzima. Angetubeba tungerudi."

"Au tungeanguka nalo, na leo angekuwa ombaomba kama yule bwana."

"Bora angekuwa ombaomba tukiwa naye."

"Lakini yeye ndiye aliyetamka."

"Hilo sasa," akasema wa kwanza, na ungo ukaendelea.

Nimeyasikiliza maneno hayo kichwani kwa miaka, na sijapata kuyapatanisha. Nikisema dada alikosea, nakumbuka mahakama na yule bwana aliyehama. Nikisema alikuwa sahihi, naona mvua kwenye mabati. Yeye mwenyewe hakujitetea. Kila mwaka alikwenda kwa Bi Salha, akaulizwa swali lile lile, akajibu, "Watu hatubebi." Kila Jumamosi alimpelekea Mama Holo bakuli la mchele mzuri, ule wa kunukia. Mama Holo alipokea. Mnajua kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, hata kama una kiganja cha chumvi utaweka. Bakuli la dada lilirudi limeoshwa vizuri, likiwa tupu, Jumamosi hadi Jumamosi, mwaka hadi mwaka. Alikuwa analipokea mlangoni, anatazama ndani, analiweka kabatini. Mtaa ulimsalimia, ukanunua mchele wake. Hakuna aliyegusa tena bodi ya gari lake.

Juzi, dada alipolazwa jenezani, asubuhi ilikuwa kavu na ya upepo. Nilishusha bodi mwenyewe. Nikafagia mwenyewe. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, wakajaa uwanjani, na vijana walinisaidia kupandisha jeneza, kisha wakarudi nyuma wote kama walioambiwa. Makaburi ya parokia si mbali sana, mtu mzima anatembea. Walikuwa wamejiandaa kutembea, viatu vyao nilivitazama nikajua. Mama Holo alinijia ameshika bakuli la dada, lile lile, akanikabidhi. Lilikuwa limejaa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, imeshindiliwa na kufunikwa kwa kitambaa. Nikalipokea kwa mikono miwili.

Nyuma yake alisimama Holo na magongo yake. Yeye asingeweza mwendo ule. Nilizunguka, nikafungua mlango wa kushoto, na maneno yangu manne yakatoka, yamezeeka, lakini yakatoka.

"Nafasi ya mbele ipo."

Alinitazama. "Leo ndiyo ile siku nyingine?"

Mama yake alimsukuma mgongoni kidogo, Holo akapanda. Nikamwambia mama naye apande, kiti kimoja bado kipo. Akatikisa kichwa, akaenda kusimama na wenzake nyuma ya gari. Niliendesha mwendo wa miguu ya watu. Kwenye kioo niliwaona wote, na Mama Holo ameshika bodi kwa mkono mmoja, njia nzima hakuiachia. Holo aligeuka akachungulia kidirisha cha nyuma.

"Yuko peke yake huko," akasema.

"Ndiyo."

"Bima inamruhusu?"

"Inamruhusu."

Alicheka kidogo, kisha akafuta macho. Karibu na makaburi akasema, bila utani wowote, "Mama anakohoa mwezi wa pili sasa. Hospitali wamemrudisha. Kwao na kwa Bibi Nyanzala ni kijiji kimoja, mbele ya Isikizya. Huko hakufikiki kwa miguu, Shija." Akaweka sawa magongo yake. "Siku hiyo utasema nini?"

Nilizima gari, nikashuka kwenda kushusha bodi. Jana usiku kikohozi cha Mama Holo kilipita ukutani, nami nilikuwa macho. Bi Salha amezeeka, lakini bado anauza, na wiki ijayo nitakaa barazani kwake, atavaa miwani, ataniuliza gari linabeba nini, kisha atauliza lile la pili. Ninyi mlio na magari madogo ya biashara, mkoa wowote mlipo, ambao mmewahi kusimama uwanjani na funguo mfukoni huku bodi inashushwa: mlisema nini, na baadaye mliishije na mlichosema? Niandikieni. Mwandiko wowote nitausoma, hata ukiwa mbaya kuliko huu wangu. Ila msichelewe, tafadhali, maana huyu mama wa nyuma ya ukuta ameanza tena.